Oili nyepesi au nzito? Maswali tunayoulizwa kila siku kaunta

Nauza vilainishi Dar es Salaam, na maswali haya nimeyajibu mara nyingi hadi nikaona afadhali yakae mahali pamoja. Mengi yanahusu magari ya Japani yaliyotumika, maana ndiyo yaliyojaa barabarani kwetu: Vitz, IST, Probox, Premio, Fit, Note, Aqua. Kama una haraka, soma la 6. Kama gari lako linakula oili, ruka hadi la 13, ila usiondoke bila kupitia la 2.

## Namba za kwenye dumu

1. 5W-30, 20W-50... hizi namba zinasema nini?

Zinasema mnato, yaani oili inatiririka kwa wepesi au kwa kujivuta. Mtaani tunaita "uzito", lakini ukiziweka kwenye mzani lita moja ya 20W-50 na lita moja ya 5W-30 zinakaribia kulingana. Kiwango kinachotumika duniani kote ni cha SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari yenye makao yake Marekani, kinaitwa J300.

Namba ya nyuma ndiyo inayohusu injini ikiwa moto. Inapimwa oili ikiwa kwenye nyuzijoto 100. Oili ya 20 inatakiwa iwe kati ya sentistoksi (kipimo cha mnato) 6.9 na 9.3, ya 30 kati ya 9.3 na 12.5, ya 40 inaishia 16.3 na ya 50 inaishia 21.9.

Namba ya mbele, yenye W, inahusu baridi kali. Wateja wengi wanadhani W ni uzito. Siyo. Ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Oili ya 5W inapimwa kama itairuhusu injini kuzunguka na kuwaka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Kwa hiyo 5W-30 na 10W-30 zikishapata moto zote ni oili za 30. Kinachozitofautisha ni jinsi zilivyo zikiwa baridi.

2. Oili nzito si ndiyo inayolinda injini zaidi?

Kila siku kuna anayechovya kidole kwenye 0W-20, anaisugua na dole gumba, anatikisa kichwa: "Hii maji, bosi. Nipe inayonata." Nina chupa mbili ndogo zinazoonyesha ndani, moja ya 5W-30 na nyingine ya 20W-50, nimezijaza nikaacha kipovu cha hewa. Nazipindua zote pamoja mbele yake. Kipovu cha 5W-30 kinafika juu wakati kile cha 20W-50 bado kiko njiani. Halafu namuuliza: asubuhi ukiwasha gari, unataka ipi iwe imeshafika kwenye kamshafti, kile chuma cha juu kinachofungua vali?

Ukweli una pande mbili. Oili nzito inaweka utando mnene zaidi kati ya chuma na chuma injini ikiwa moto na imebeba mzigo. Hilo ni kweli, na mafundi wa zamani hawakulitunga. Lakini utando huo unahitaji nafasi. Kwenye beringi za krenki nafasi hiyo mara nyingi ni kati ya milimita 0.02 na 0.06, haifiki unene wa unywele mmoja wa kichwani. Mtengenezaji aliipangia oili fulani ipite hapo kwa kasi fulani, kwa sababu oili haiteleshi tu: inabeba joto kutoka kwenye beringi na chini ya pistoni. Oili inayojivuta inabeba joto taratibu.

Sasa tazama namba. Kwenye nyuzijoto 40, ambayo si mbali na injini iliyolala juani, 5W-30 ya kawaida ina sentistoksi sitini na kitu, na 20W-50 inapita 150. Zikishika moto, 5W-30 inashuka hadi 10 au 11, na 20W-50 hadi kama 18. Yaani hiyo 5W-30 unayoiita maji, asubuhi ni nzito mara tatu kuliko 20W-50 iliyokwisha kupata moto. Wakati wa kuwasha hakuna oili iliyo nyepesi kupita kiasi. Zote ni nzito mno, tunachagua isiyozidi sana.

Na oili ikizidi uzito, pampu haiilazimishi ipite. Pampu ina vali ya usalama: presha ikipanda sana inafunguka na kuirudisha oili ilikotoka. Filta nayo ina vali yake, oili ikishindwa kupenya karatasi inapita pembeni bila kuchujwa. Utaona presha nzuri kwenye geji, huku juu kwenye kamshafti hali ni nyingine.

3. Hayo ya Ulaya. Kwetu joto, si tunahitaji nzito?

Hili ndilo linalorudiwa kuliko yote, na linaonekana lina akili hadi ukumbuke thamostati. Injini haiishi kwenye joto la Dar wala baridi ya Njombe. Inaishi kwenye joto lake yenyewe. Thamostati inafunguka maji yakifika nyuzi themanini na kitu au tisini, na feni inafanya kazi iliyobaki. Gari zima, lenye kulanti na rejeta safi, oili yake inatembea kwenye nyuzi 90 hadi 110 hivi, uwe Ubungo saa nane mchana au Makete mwezi wa saba.

Kinachopandisha joto la oili ni mzigo: Noah imejaa watu na mizigo inapanda Kitonga kwa gia ndogo, pikapu inavuta tela, tabo inayofanya kazi bila kupumzika, mwendo mkubwa wa muda mrefu. Ukiwa na maisha hayo, kupanda hatua moja kuna sababu. Foleni ya Mbagala peke yake si sababu ya kupanda uzito, ila ni sababu ya kumwaga oili mapema (swali la 19).

4. Basi 0W haina kazi huku, maana hakuna barafu?

Kwa kuwasha, faida yake kwetu ni ndogo. Nikiwa na 0W-30 na 5W-30 za daraja moja, nitakuuzia ya bei nafuu bila aibu. Ila usiikatae 0W-20 kwa sababu ya sifuri, kwamba eti "sifuri ni oili tupu". Ili oili ipite kipimo cha 0W lazima itengenezwe kwa malighafi bora, ndiyo maana karibu zote ni za sintetiki.

5. Sintetiki si ndiyo nyepesi, na mineral ndiyo nzito?

Hapana. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kuna 15W-50 ya sintetiki na kuna 10W-30 ya mineral, ile ya kawaida inayosafishwa kutoka mafuta ghafi. Sintetiki maana yake ni jinsi oili ilivyotengenezwa: inavumilia joto zaidi, haigeuki lami haraka, mnato wake haubadiliki sana kati ya baridi na moto. Uzito ni namba. Chagua namba kwanza, kisha mfuko wako useme kama ni mineral, semi (mchanganyiko wa hizo mbili) au sintetiki.

## Gari langu linataka ipi?

6. Nitajuaje oili sahihi ya gari langu?

Fungua boneti, soma kifuniko cha kujazia oili. Toyota na Honda nyingi za miaka ya karibuni zimeandika pale pale: 0W-20 au 5W-30. Kama kifuniko kimebadilishwa (kwetu vinapotea kama kalamu), tafuta kitabu. Cha Kijapani nacho kinasaidia, maana namba za oili huandikwa kwa herufi hizi hizi zetu. Pitia kurasa za mwisho, kwenye majedwali ya ujazo, utaona 0W-20 au 5W-30, na pembeni lita. Vitz au Probox yenye injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Dumu la lita 4 linabaki na tone la kuongezea, usilimalizie lote humo.

Kisha soma daraja la API (taasisi ya petroli ya Marekani inayopanga ubora wa oili) nyuma ya dumu, kwenye alama ya duara. Kwa petroli, SN ilianza mwaka 2010 na SP mwaka 2020, na ya karibuni inafaa mahali pa ya zamani. Ukiniuliza mimi, 5W-30 yenye SP ni bora kwenye IST yako kuliko 20W-50 yenye SF au SG, madaraja ya miaka ya 1980 ambayo bado yanauzwa kwenye madumu mazuri yenye picha ya gari la mashindano.

7. Mbona injini ile ile Japani wanasema 0W-20 na nchi nyingine wanaruhusu hadi 15W-40?

Swali zuri, na ndilo linalowapa nguvu watu wa oili nzito. Oili nyepesi inapunguza msuguano, gari linakula mafuta kidogo. Tofauti ni asilimia chache tu, lakini kwa kampuni inayouza magari milioni, na kwa serikali inayoipimia wastani wa ulaji mafuta kama Marekani inavyofanya tangu sheria ya 1975, asilimia chache ni fedha nyingi. Kwa hiyo namba ya kwenye kifuniko imebeba mambo mawili: usalama wa injini na hesabu ya mafuta.

Toyota wenyewe, kwenye vitabu vya masoko ya nje, huweka chati ya joto yenye chaguo kadhaa, na huandika kwamba oili yenye mnato mkubwa zaidi inaweza kufaa gari likiendeshwa kwa mwendo mkubwa au na mzigo mzito. Magari ya miaka ya 1990 chati zake zilifika 15W-40 na hata 20W-50. Kwa hiyo fundi aliyekulia kwenye Corolla 110 na 20W-50 hakuwa mjinga. Tatizo ni pale anapoihamishia tabia hiyo kwenye Aqua.

Mfano wa karibuni: Aprili 2025, General Motors iliita magari karibu 600,000 Marekani yenye V8 ya lita 6.2, kwa kasoro za utengenezaji kwenye krenki na mikono ya pistoni. Yaliyopita ukaguzi yaliondolewa 0W-20 yakawekwa 0W-40, na kifuniko kipya cha kujazia oili. Wapenzi wa oili nzito walishangilia. Lakini soma tena: ugonjwa ulikuwa chuma kilichotengenezwa vibaya, na hata hapo waliobadilisha hawakugusa ile 0W ya mbele. Walipandisha namba ya moto peke yake.

8. Gari langu lina kilomita 200,000. Nipande uzito?

Kama halili oili, halitoi moshi, na taa ya oili haichezi, kaa hapo hapo. Kilomita peke yake si ugonjwa. Nina mteja wa Probox, anasambaza mikate, amepita 300,000 na bado yuko kwenye 5W-30, kwa sababu tu hajawahi kuchelewa kumwaga.

Kama kuna dalili za uchakavu, panda hatua moja: kutoka 0W-20 nenda 5W-30, kutoka 5W-30 nenda 5W-40 au 10W-40. Hatua moja, kisha angalia kwa kilomita elfu mbili au tatu. Kuruka kutoka 0W-20 hadi 20W-50 ni hatua tatu kwa mkupuo, na hiyo nitakukatalia hata kama nimekaa siku nzima sijauza.

9. Nimetumia 20W-50 miaka yote. Nikishuka kwenda 5W-30 injini haitavuja?

Oili nyepesi haitoboi sili. Inachofanya ni kufichua sili iliyokwisha kukauka, ambayo oili nzito ilikuwa inapita pale kwa shida. Gari likiwa kavu chini, shuka bila hofu. Likiwa na unyevu kwenye gasketi ya kava ya juu au sili ya krenki, tengeneza kwanza.

Uchafu nao: injini iliyolala na oili ya zamani ina tope ndani, na oili mpya yenye sabuni nzuri italing'oa taratibu. Ndiyo maana mara ya kwanza mwaga mapema, kilomita 2,000 au 3,000, na filta mpya. Usikubali kumiminiwa dizeli ndani ya injini "kuisafisha". Dizeli haina utando wa kubeba beringi, na tope likibanduka kwa pamoja linakwenda kuziba chujio la pampu.

10. Haibridi kama Aqua na Prius inahitaji oili ya pekee?

Inahitaji ile ile iliyoandikwa, mara nyingi 0W-20, na hapa nitakuwa mkali kuliko kwenye magari mengine. Injini ya haibridi, gari linalosaidiwa na mota ya umeme, inazima na kuwaka mara nyingi ndani ya safari moja, na safari fupi za mjini haipati moto kamili. Muda wake mwingi oili iko kwenye ule upande wa unene niliouelezea kwenye swali la 2. Ukiijazia 20W-50, ile nafuu ya mafuta iliyokufanya ununue haibridi unaanza kuirudisha kituoni kidogo kidogo.

11. Na dizeli?

Land Cruiser yenye injini ya 1HZ na Hiace za zamani zenye injini ya 5L: 15W-40 yenye API CI-4 au CF-4, maisha yanaendelea. Hizo ndizo injini zilizompa oili nzito jina lake zuri.

Dizeli mpya zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi ni habari nyingine. Huko uzito si hoja ya kwanza, hoja ni majivu. Oili ya lori yenye madini mengi ikiungua inaacha majivu yanayoziba kichujio, na kichujio hakiujui msamaha. Tafuta daraja la Ulaya la ACEA C2 au C3, au la Japani la JASO DL-1 kwa za Kijapani. Mwenye Mazda CX-5 ya dizeli asome kijiti cha oili kwa makini. Injini ile inapochoma masizi, dizeli kidogo huteremka kwenye oili, na kiwango *kinapanda* badala ya kushuka. Kijiti kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Ikifika hapo, mwaga, hata kama kilomita hazijatimia.

12. Nina Volkswagen, BMW, Mercedes. Nichukue 5W-30 yoyote?

Hapana, na hapa ndipo watu wanaumia. Kuna 5W-30 na 5W-30. Maabara hupima pia oili ikiwa kwenye nyuzi 150 huku inakamuliwa kwa nguvu, kama inavyokamuliwa kwenye beringi. 5W-30 iliyotengenezewa Toyota inaruhusiwa kushuka hadi 2.9 kwenye kipimo hicho. Iliyotengenezewa Wajerumani, ya daraja la ACEA A3/B4 au C3, haitakiwi kuwa chini ya 3.5. Namba kwenye dumu ni moja, nguvu mbili tofauti.

Kwa Mjerumani, soma kibali cha kiwanda nyuma ya dumu: VW 502 00 au 504 00, BMW Longlife-01, MB 229.5 na ndugu zake, kulingana na kitabu. Kama kibali hakipo kwenye lebo, ahadi ya muuzaji haitoshi. Hata mimi usiniamini kwa mdomo.

## Gari lina tatizo

13. Gari linakula oili. Fundi amesema niweke 20W-50 itatulia.

Itatulia, kwa muda. Nasema kwa machungu: Premio yangu ya kwanza ilikuwa na injini ya 1ZZ, ikila karibu lita moja kila kilomita 1,000. Gereji moja wakanibadilishia 20W-50, moshi ukapungua, nikawalipa nikashukuru. Miezi minane baadaye moshi ulirudi ukiwa mzito zaidi, na katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, ilikuwa imeziba. Nilikuwa nimenunua pazia.

1ZZ za mwanzo zina ugonjwa unaojulikana: matundu ya pistoni nyuma ya ringi ya oili, yale ya kurudishia oili chini, ni madogo na yanaziba kwa kaboni. Ringi inaganda, oili inabaki kwenye ukuta wa silinda, inaungua. Oili nzito inapunguza kidogo kinachopita, haifungui tundu hata moja. Na kwa kuwa inasafiri taratibu na mara nyingi ni ya daraja la chini, inaongeza kaboni.

Fanya hivi kabla ya kupanda uzito. Hakikisha haivuji nje. Kagua vali ya PCV, kile kijidude cha bei ndogo cha kupumulia injini. Ikiziba, injini inavuta oili yenyewe. Moshi wa bluu ukitoka asubuhi tu kisha ukakata, shuku sili za vali. Ukitoka ukikanyaga, shuku ringi. Kisha panda hatua moja (swali la 8) ukiwa unajua kwamba unanunua muda wa kukusanya fedha za ringi.

14. Taa nyekundu ya oili inachezacheza gari likiwa limesimama, hasa likipata moto.

Zima injini. Pima kiwango. Kama oili ipo, usiendeshe hadi fundi aweke geji ya presha pale kwenye swichi na kusoma namba halisi. Inaweza kuwa swichi ya bei ndogo, inaweza kuwa chujio la pampu limeziba, zinaweza kuwa beringi zimelika. Oili nzito inaweza kuizima taa bila kutibu ugonjwa, ndiyo maana wauza magari wasio waaminifu wanaipenda. Ukienda kununua gari la mkononi, chomoa kijiti kabla halijawashwa. Oili ikidondoka kama asali, uliza kulikoni.

15. Asubuhi injini inagonga sekunde mbili tatu kisha inanyamaza. Ni oili?

Inawezekana. Kikaza cheni na kile kichwa cha VVT-i (mfumo wa Toyota wa kubadili majira ya vali kufunguka) kwenye kamshafti vinafanya kazi kwa presha ya oili, na vikikaa vikavu vinalia hadi oili ifike. Angalia mambo mawili ya bei nafuu kwanza: oili ni nzito kuliko inavyotakiwa, au filta ni ya bei ya chini isiyo na ile raba ya kuzuia oili isirudi chini usiku. Rudisha oili sahihi, weka filta nzuri. Ikiendelea, ni cheni au VVT-i yenyewe.

16. Wameniwekea 20W-50 kwenye gari la 0W-20. Injini imekufa?

Haijakufa. Endesha taratibu bila resi asubuhi, na mwaga wiki hii badala ya kusubiri. Taa ya injini ikiwaka na msimbo wa VVT, kama P0011, usikimbilie kununua spea kabla ya kurudisha oili sahihi.

17. Naweza kuchanganya 5W-30 na 10W-40 kuongezea njiani?

Ndiyo. Oili za injini zenye alama ya API zinatakiwa zichanganyike bila kugandana, hata chapa tofauti, hata sintetiki na mineral. Utapata kitu cha katikati kisichojulikana uzito wake, lakini ni afadhali mara mia kuliko kufika Chalinze na kijiti kikavu. Ila usitengeneze uzito wako mwenyewe kila sevisi. Na usichanganye na oili ya tu-stroki wala ya gia.

18. Oili imekuwa nyeusi baada ya wiki. Ni feki?

Kwa petroli, nyeusi ni sabuni inayofanya kazi. Kwa dizeli inakuwa nyeusi siku hiyo hiyo. Rangi ya kuogopa ni ile ya chai ya maziwa: maji yameingia, wahi gasketi ya silinda hedi.

19. Nimwage kila kilomita ngapi? Oili nzito si inakaa zaidi?

Haikai zaidi. Inayokaa ni iliyotengenezwa vizuri. Kwa foleni zetu, vumbi letu na safari za kilomita tatu tatu, mimi nasema 5,000 kwa mineral na 7,500 hadi 10,000 kwa sintetiki nzuri, au miezi sita kwa gari lisilotembea sana. Kumbuka mita ya kilomita hailihesabu lile lisaa ulilokaa Ubungo na AC inaunguruma. Ukinibana nichague kati ya 20W-50 inayomwagwa kwa wakati na 5W-30 ya gharama inayosahaulika hadi 15,000, nitachukua ya kwanza kwa gari la zamani. Kwa gari lenye VVT-i nitakuambia usinibane hivyo.

## Vijiswali vya pembeni

20. Nitatambuaje dumu feki?

Bei iliyo chini ya soko kupita kiasi ni dalili ya kwanza. Kagua kifuniko: pete yake ikatike unapofungua, na karatasi ya ndani iwe imeganda sawasawa. Namba ya toleo kwenye dumu isifutike kwa kidole chenye mate. Maandishi yenye makosa ya tahajia, kimbia. Oili ya kupimiwa kutoka pipa, siiuzi na siinunui, kwa kuwa hakuna ajuaye pipa lilijazwa nini.

Na ukimaliza kumwaga, toboa dumu tupu kwa msumari kabla halijaondoka gereji. Madumu mazima ya chapa kubwa yana wanunuzi wake, na hawanunui kwa ajili ya kuchotea maji.

21. Hii 5W-30 ya gari naweza kuitia kwenye bodaboda?

Usifanye hivyo. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na oili nyepesi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano. Klachi nayo inaishi kwa msuguano, kwa hiyo itateleza: unavuta mafuta, injini inalia, pikipiki haiendi, hasa ukiwa na abiria wawili kwenye kilima. Tafuta iliyoandikwa JASO MA au MA2, uzito kama kitabu kinavyosema. 20W-50 na 10W-40 huko ni za kawaida kabisa, na hapo hutanisikia nikibisha.